Mwambie Mtoto Fulani

Pipeline, Embakasi
Jumapili, 2 Februari 2025

Kezia, msomi wa ukoo,

Niaje huko bweni? Najua simu zenu zimezuiwa getini, ndiyo maana ndugu yako, bingwa wa kidato cha pili (niliingia, nikaona hakuna jipya, nikatoka), ameamua kushika kalamu. Na wewe mwalimu wa zamu unayefungua barua za watoto wa watu, shikamoo. Soma polepole, kuna mafunzo humu.

Naanza na baya. Mzee Opiyo amekufa. Ndiyo, huyo huyo aliyewamba ngoma zote za kanisa letu pale mtaa wa Tena, aliyenifundisha kupiga nikiwa bado naburuta suruali. Amekufa akiwa bado ametengwa. Kosa lake unalikumbuka: Kate, binti yake, aliolewa na Mbugua wa Buruburu katika lile kanisa la kuingia na viatu na kupiga magitaa. Askofu Patrobas alimkataza Mzee mbele ya watu wote asikanyage huko. Mzee akaenda, akamshika binti yake mkono mpaka madhabahuni, akarudi akaketi nyuma kabisa kungoja hukumu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimu, hakuna aliyekula naye, hakuna aliyepokea kitu mkononi mwake.

Sasa Mzee alipokufa, Askofu akatangaza: hakuna ngoma, hakuna bendera, hakuna kanzu nyeupe. Kezia, unajua vile kwetu tunaamini. Asiyepigiwa ngoma anaondoka kama mpangaji aliyefungiwa nyumba, anazurura tu na godoro lake.

Basi siku ya kumsafirisha kwenda nyumbani, gari la maiti lilipotoka kwake Tena, watu walishangaa kusikia nini? Ngoma! Nani anapiga? Owuor mwenyewe! Ile ngoma ndogo aliyonipa Mzee kwa mkono wake, nikaivaa begani, nikatangulia mbele ya gari mguu pekupeku. Dada, sijawahi kupiga vile. Hata mbwa walisimama kwa heshima. Wamama wa kanisa walikuwa kando ya barabara wamejifunika leso usoni wasinione, lakini viganja vyao vilikuwa vinapiga mapaja, nimeona kwa macho yangu. Askofu alikuwa mlangoni mwa kanisa. Nakuapia kofia ilikuwa mkononi, ila labda ni joto.

Jumapili iliyofuata nikatengwa. Nikitaka kurudi, lazima nipige magoti mbele ya watu, niseme nilimpigia shetani, kisha niipasue ngozi ya hiyo ngoma kwa kisu, mkono wangu mwenyewe.

Usijali. Kutengwa ni likizo. Jumapili nalala mpaka jua linachoka kuningoja.

Ni mimi kakako, mpiga ngoma namba moja Eastlands yote,
Owuor


Bweni, Siaya
16 Februari 2025

Kaka Owuor,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimejificha nyuma ya jiko la shule, nimelia kwa ajili ya Mzee Opiyo, kisha nimekukasirikia sana.

Kila kitu kwako ni mzaha. Unaandika kuhusu kutengwa kama mtu aliyepewa zawadi. Je, umesahau Askofu ni nani kwetu? Baba alipokufa na ule ugonjwa uliowatia watu hofu, ndugu zake wa damu walisimama mbali na chupa zao za dawa ya mikono. Nani aliingia? Nani alikunja mikono ya kanzu akamwosha Baba kuanzia kichwa hadi kucha? Mtu kama huyo akisema ameambiwa jambo na Roho, mimi sina elimu ya kumpinga, na wewe wa kidato cha pili huna.

Tumefundishwa kuwatii wanaotuongoza kwa sababu wao ndio watakaoulizwa habari zetu. Kama Askofu amekosea, Mungu atamuuliza yeye. Wewe ungenyamaza tu ungekuwa salama, na Mzee Opiyo angepokelewa na Mungu huyo huyo, ngoma au bila ngoma.

Ikate, Owuor. Ni ngozi ya ng'ombe. Mzee hayupo wa kuumia. Mama yupo. Unamfikiria? Katika chumba kile kimoja yeye anafanya nini, haruhusiwi hata kukujibu salamu? Niandikie ukweli kuhusu Mama, bila madoido.

Dada yako akupendaye,
Kezia


Pipeline
Jumamosi, 1 Machi 2025

Kezia wa nyuma ya jiko,

Umeniuliza kuhusu Mathe. Kaa chini, hii ni sinema.

Wiki ya kwanza alikuwa bubu. Mimi nikiingia, yeye anageukia ukuta. Chakula changu anakiweka kwenye kigoda karibu na mlango, anarudi nyuma ya pazia kula chake. Tunatafunia chumba kimoja, kila mtu na nchi yake. Mimi nikapiga hadithi, nikaimba, nikaigiza yule mama wa ghorofa ya nne anavyogombana na kuku wake. Wapi! Pazia halikucheka.

Kisha jioni moja nimerudi kutoka kupandisha maji (siku hizi napandisha mitungi ghorofa hadi ghorofa, mabega yangu ukiyaona utafikiri nimeazima kwa mtu), nikasikia Mathe amepiga magoti nyuma ya pazia, anaomba kwa sauti ya mkutano wa hadhara:

"Ee Mungu, mwambie mtoto fulani omena iko kwenye sufuria ndogo, na asimalize ugali wote kama juzi."

Nikasimama na mtungi mkononi. Nikasema, "Amina!"

Pazia likaendelea: "Na umwambie, Bwana, ile shati yake ya buluu inanuka. Ailoweke."

Tangu siku hiyo hivyo ndivyo tunavyoishi. Mbinguni wametufungulia ofisi. "Ee Mungu, mwambie mtoto fulani mvua inakuja, aanue nguo." "Ee Mungu, muulize mtoto fulani kama amekohoa tangu jana au ni sikio langu." Mimi nami najibu kwa maombi, napiga magoti upande wangu: "Bwana, mwambie mama fulani ni vumbi tu, asitie chumvi." Hajavunja sheria hata moja. Hajanisalimu, hajala nami, hajapokea kitu mkononi mwangu. Nikileta mkate nauweka juu ya ngoma, yeye anauchukua kutoka kwa ngoma.

Kuhusu kuikata. Umesema ni ngozi ya ng'ombe. Sawa. Na bendera ni kitambaa, na Askofu ni nyama na kanzu. Mimi sijasoma sana, lakini najua nilichoona. Niliona mzee aliyewamba ngoma za wafu wote wa kanisa lile akikaribia kuondolewa kimya kama mwizi, kosa lake kumshika mtoto wake mkono. Ndani yangu kitu kilisema, piga. Sikuota, sikuona malaika. Kilisema tu. Sasa nikisema nilimpigia shetani nitakuwa nimedanganya na nimepiga magoti. Yaani dhambi na maumivu ya goti, zote siku moja!

Jumapili zile za maandamano, kanisa likija kuhubiri huku Pipeline, nachungulia kutoka kwenye kibaraza. Ngoma wamempa Kisilu. Anapiga kama mtu anayefukuza panya kwenye dari. Nacheka mpaka majirani wanauliza.

Usiwe na shaka nami. Niko poa kuliko poa yenyewe.

Owuor, mtoto fulani


Bweni, Siaya
17 Machi 2025

Owuor,

Barua hii ni fupi na ya mwisho.

Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi kututembelea. Mama alikuja pamoja na mama mmoja wa kanisa, wakaleta salamu za Askofu. Agizo linanihusu nami. Nisikuandikie, nisikusalimu, nisipokee kitu mkononi mwako, mpaka utakapoipasua ngoma. Mama alisema hayo huku akinifungulia chapati na hakunitazama hata mara moja.

Yale maombi ya kumfanya Mungu tarishi hayakunichekesha. Naona ni kumdhihaki. Amri ama unaitii ama unaivunja, hakuna mlango wa tatu. Mimi nimechagua kuitii. Wewe unaonekana una raha, unalala, unacheka na majirani. Basi mwenye raha hatakosa kitu.

Aprili nitakuja likizo. Usinisemeshe, Owuor, ili usinitie majaribuni. Nisamehe.

Kezia


Pipeline
Jumapili, 4 Mei 2025

Kezia,

Najua hutajibu. Pengine hutafungua. Kama ni wewe tu, mwalimu wa zamu, unayesoma, haidhuru, leo mtu yeyote atatosha.

Ulikuja, ukaenda.

Sikukusemesha, nilitii hiyo amri yako. Umeona? Hata mimi naweza kutii. Ulipanda ngazi na sanduku lako la bati kichwani, nilikutana nawe ghorofa ya tatu nikishuka na mitungi mitupu, ukabana ukutani nikapita. Umerefuka. Nilitaka kukutania kwamba sasa unaweza kuanua nguo za jirani bila kutoka ndani. Nikameza.

Kila asubuhi nilikuwa naamka kabla yenu, nakoleza jiko, nachemsha chai ya maziwa kama unavyoipenda, tangawizi kidogo, sukari ya kumwaga. Naweka kikombe chako karibu na godoro, nafunika na kisahani. Siweki mkononi mwako. Naweka sakafuni, natoka. Nikirudi mchana nakuta kisahani hakijasogea. Nainywa mimi, baridi, na ule utando juu. Nimekuwa mtaalamu wa chai baridi, Kenya nzima hakuna wa kunishinda.

Asubuhi ya mwisho nilijua umeondoka kwa sababu sanduku halikuwepo. Chai ilikuwepo.

Sasa nitakwambia kitu, halafu nisitaniwe. Sina raha. Sijawahi kulala Jumapili hata moja. Tangu alfajiri nakuwa macho, nasikia Mathe anavaa kanzu, nasikia anatafuta pini, naijua pini iko wapi na siwezi kumwambia. Mlango unafungwa. Halafu huku Pipeline, watu wote hawa tuliorundikana kama viberiti, jua lenyewe halipati pa kupenya, na hakuna mtu anayesema "Owuor". Wateja wangu wananiita "wa maji". Wa maji, leta miwili. Wa maji, mbona umechelewa. Mathe ananiita fulani. Juzi nilijiita mwenyewe nikiwa kwenye ngazi, nisikie tu linavyotoka. "Owuor." Mtoto mmoja akachungulia akadhani ni yeye.

Vijana wa kanisa tuliokua nao wakiniona kwenye steji ya matatu wanahamia upande wa pili wa barabara. Wengine wananikonyeza, halafu wanahama. Hao wa kukonyeza ndio wanaouma zaidi.

Basi nimechoka. Nimemwambia mzee mmoja wa kanisa, naye akanijibu huku akitazama mti: Jumapili ya tarehe kumi na nane, uje na ngoma na kisu. Nimekinoa kile kisu cha kukatia sukuma wiki. Nitapiga magoti, nitasema walichotaka niseme, nitaipasua. Ulisema kweli, ni ngozi ya ng'ombe. Nimeipapasa usiku kucha kutafuta kama kuna kitu kingine ndani yake, nimeona pale kidole gumba cha Mzee kilipoacha alama alipokuwa anaivuta ikiwa bado mbichi. Kidole tu.

Agosti ukija utaninywea chai yangu. Hiyo ndiyo bei yangu, na si kubwa.

Owuor


Pipeline
Jumapili, 18 Mei 2025

Kezia,

Ni ile siku. Naandika mikono ikiwa bado ina joto.

Asubuhi nilivaa kanzu yangu. Imenibana mabegani, kazi ya mitungi. Nikaweka ngoma mlangoni, kisu juu yake, nimekifunga kwa gazeti. Mathe alikuwa nyuma ya pazia. Nikamsikia anapiga magoti, lakini safari hii hakupaza sauti kama mkutano. Alianza chini chini, mpaka nikasogea.

"Ee Mungu," akasema, "umkumbushe mtoto fulani kwamba baba yake alioshwa na Patrobas na akapigiwa ngoma na Opiyo. Wote wawili walikuja siku hiyo hiyo, wengine walipokimbia. Mmoja sitamwacha nikiwa hai. Mwingine amekufa, na wa kumtetea ni huyu mmoja tu."

Nikamsikia anapenga pua.

"Mwambie, Bwana, mimi nilikuwa miongoni mwa waliofunika uso siku ile. Mkono wangu ulikuwa unapiga paja. Niliushika na ule mwingine ukakataa kutulia. Mimi ni mtu wa kutii. Nimetii tangu ujana, sijui kazi nyingine, na nitakwenda kanisani leo kama siku zote. Lakini sitaki mtoto wangu aje kuninunua kwa uongo. Nikimpata kwa uongo nitakuwa nimempata nani?"

Kezia, alisema *mtoto wangu*. Hakusema fulani.

"Mwambie kisu hicho ni cha sukuma. Akirudishe jikoni. Na umwambie mimi na yeye tuna njia yetu ya kuzungumza, nimeizoea, na wewe Bwana hujalalamika."

Mathe alitoka nyuma ya pazia amevaa kanzu, kitambaa kimekaa kombo, akapita karibu nami bila kunitazama. Pini hakuipata. Nikasema, "Ee Mungu, mwambie mama fulani pini iko kwenye kikombe cha miswaki." Akaichukua, akaenda.

Mimi nikakirudisha kisu jikoni.

Walinisubiri kanisani, nimesikia. Sikwenda. Na kwa sababu leo ilikuwa ya maandamano, mchana wakaja huku na bendera zao, Kisilu mbele na panya wake kwenye dari. Nilikuwa kwenye kibaraza. Sikupanga, nakuapia. Nikaivaa ngoma, nikapiga kutoka ghorofa ya sita, polepole, ule mwendo wa kutembea aliotufundisha Mzee. Kisilu akababaika, akasikiliza, akaingia. Jamani, alipiga vizuri! Mstari mzima ukanyooka miguu. Askofu alikuwa mbele. Aliinua mkono, nikadhani ananyamazisha. Aliushikilia hewani kidogo, kisha akaushusha, wakaendelea kutembea.

Mathe hakuinua kichwa. Lakini kiganja chake, Kezia, hakukizuia kwa chochote.

Kwa hiyo nimebaki nje, na sasa hakuna tarehe ya kurudi. Jioni hii kigoda changu kiko karibu na mlango kama kawaida. Pazia liko pale pale, ila Mathe ameliacha wazi kidogo, upana wa mkono, namwona bega. Tumekula hivyo.

Sikuombi ujibu. Soma vitabu vyako.

Owuor


Bweni, Siaya
1 Juni 2025

Kwa ngoma ndogo ya Mzee Opiyo,
Ghorofa ya sita, Pipeline

Salamu nyingi.

Sijaruhusiwa kumwandikia anayekupiga, na agizo hilo bado sijalivunja. Lakini nimelichunguza agizo lote na sikuona mahali lilipokutaja wewe. Mwalimu wa zamu ameniuliza tangu lini ngoma inapokea barua. Nimemwambia tangu leo.

Kwa hiyo nakutuma, kwa kuwa uko karibu naye.

Mwambie barua zake zote zimefika, nami nimezifungua zote. Mwambie nilimwamini alipoandika kwamba ana raha, na hapo ndipo nilipokosea, maana namjua tangu tumboni mwa mama yetu nilipopakuta amekwisha kupatandika. Nilipaswa kujua kwamba Owuor akijisifu sana ana njaa.

Mwambie habari ya ile chai. Kila asubuhi nilikuwa macho. Nilijifunika shuka nikiangalia mvuke unavyotoka pembeni mwa kisahani mpaka unaisha. Nilikuwa najiambia ndiyo utii huo, unauma hivi kwa sababu ni wa kweli. Mvuke ukiisha nilikuwa nalia bila sauti. Mama aliniona siku moja. Alikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimekwisha kuoshwa.

Mwambie bado nampenda Askofu na bado nitasimama akiingia. Sijui kama ni yeye au ni mimi atakayeulizwa habari ya wiki zile. Zamani nilikuwa na hakika ni yeye. Nilipofikiria kile kikombe nilijua kwamba mkono uliokuwa chini ya shuka ulikuwa wangu.

Mwambie tunafunga shule mwanzoni mwa Agosti. Nitapanda ngazi mwenyewe na sanduku langu, nikimkuta ghorofa ya tatu sitabana ukutani. Asiweke kikombe sakafuni. Akiweke juu yako, kama anavyoweka mkate wa Mama, nami nitakichukua kutoka kwako mbele ya yeyote atakayekuwepo.

Mwambie hivi, ngoma, na umwambie kwa ule mwendo wa polepole: chai ya Agosti haitapoa.

Wako,
Kezia